Jiko Lililopimwa kwa Kiuno Changu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na sababu nitajitetea mpaka mwisho. Nilimwambia mume wangu kwamba mama yake amekubali tubadilishe jiko. Mama hakuwa amekubali. Hakuwa hata ameulizwa!

Maneno yenyewe yalikuwa machache tu. "Mama amekubali, tumeshaongea." Niliyasema huku napepeta mchele, wala sikumwangalia mume wangu usoni. Kwa maneno hayo mama wa watu ameungua mkono, amehama nyumba ya mwanawe, na mimi sijui nitauweka wapi uso wangu. Ndiyo maana naandika bila jina. Mkinitambua, nyamazeni.

Niwaeleze kwanza tulivyo, ili mnilaumu vizuri.

Tunakaa Makanyagio, hapa Mpanda mjini. Mimi ni Msukuma, wazazi wangu walihamia huku na ng'ombe wao nikiwa mtoto wa kubebwa. Ni mrefu, mrefu wa kusemwa barabarani. Nashona nguo sokoni, kutwa nimeinamia cherehani. Mume wangu ni fundi seremala, kwao ni Katumba, wale wenye asili ya Burundi. Baba yake alipofariki tulimchukua mama yake aje kuishi na sisi. Mama ni mfupi. Tukisimama pamoja kichwa chake kinanifika kifuani.

Na mama ndiye aliyekuwa anatupikia. Sikumwomba, alilishika jiko mwenyewe siku aliyofika. Narudi jioni nimechoka, nakuta ugali umefunikwa, maharage yana mawese, watoto wamekula na wameoga. Wanawake wenzangu sokoni walikuwa wananionea wivu. Mimi badala ya kushukuru nilikuwa nanuna!

Nanuna nini? Lile jiko.

Nisiwadanganye na nyie: jiko la mama lilikuwa linanipandisha hasira. Ni chumba cha nje, tofali za kuchoma na bati. Kila kitu kilikuwa chini. Kila kitu! Mafiga matatu katikati, kigoda chake pembeni ya moto, halafu sufuria, karai la unga, dumu la maji, chupa ya mawese, kopo la chumvi, vyote vimetandazwa sakafuni kukizunguka kile kigoda. Mwiko ulichomekwa kwenye ufa wa ukuta, usawa wa goti langu. Kisu kilikaa chini ya ungo. Kwa nini kisu kikae chini ya ungo? Mpaka leo sijapata jibu.

Jumapili mama akiwa kanisani, mimi ndiye ninayeingia kupika, na ilikuwa vita. Nainama kuchota unga, nainama kuchukua maji, nainama kuchochea kuni, nikigeuka nakanyaga mfuniko, mfuniko unapiga kelele, kuku wanaruka. Chumvi siioni. Akirudi namuuliza, "Mama, chumvi huwa inakaa wapi?"

Ananijibu, "Si ipo hapohapo mkononi."

Mkononi kwa nani? Mkono wangu mbona hauioni! Nikimaliza kupika wali tu, mgongo umekaza, sinyooki. Wiki nzima cherehani, Jumapili mafiga. Nilikuwa nalala kifudifudi mtoto anikanyage mgongo ndiyo nipate nafuu.

Ndipo nikaanza kuangalia zile video za kwenye simu. Mnazijua. Dada ana kucha ndefu, anafungua kabati, makopo yamepangwa mstari, hakuna moshi, hakuna kuku, anapika huku anacheka. Niliangalia mpaka bando likaisha, nikaweka lingine.

Na siwezi kusema walichofundisha ni uongo. Vitu vya kupikia vikae karibu na moto, vya kuoshea vikae karibu na maji. Cha kila siku kikae usawa wa mkono, cha sikukuu kipandishwe juu. Unga usikae na dagaa. Vyote ni kweli! Juu ya unga na dagaa nitabishana na mtu yeyote mpaka kesho. Kosa langu halikuwa kupanga jiko. Kosa langu nilipanga jiko la mtu mwingine kana kwamba mwenyewe amekufa.

Nilimwambia mume wangu nataka meza ndefu ya kupikia, rafu ukutani, ndoano za kutundikia sufuria, na jiko la gesi la plati mbili. Hakukataa. Alikuwa na vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kazi ya mtu, akasema vinatosha. Ila akaniuliza swali moja.

"Jiko si ni la mama? Umemuuliza?"

"Nitamuuliza," nikasema.

Sikumuuliza. Nilijua atakachosema. Angeniambia, mwanangu, mimi napika nimekaa. Halafu mume wangu angesema basi tuache kwanza, na hiyo kwanza yao mimi naijua, inafika mpaka mvua nyingine. Kila siku nilisema nitamuuliza jioni, jioni ikifika nasema kesho.

Wiki ile mama akasafiri kwenda Katumba, kulikuwa na mkutano wa kina mama wa kanisa. Nikaona hapahapa. Mume wangu akaja na futi yake, akasimama mlangoni.

"Tumsubiri mama arudi nimpime na yeye? Meza ya kupikia inapimwa kwa mpishi."

Hapo ndipo niliposema. "Mama amekubali, tumeshaongea. Amesema unipime mimi."

Mnaona? Sikuishia kusema amekubali, nikamwekea na maneno mdomoni! Mume wangu akafurahi. Akanisimamisha wima, akaweka futi pale kiunoni, akaandika kwenye kipande cha mbao kwa penseli. Nilijisikia bibi harusi, jamani. Mtu mzima na watoto wangu!

Kazi ilikuwa nzuri, siwezi kuiponda. Meza imepigwa msasa mpaka inateleza. Rafu tatu. Unga kwenye ndoo yenye mfuniko, maharage kwenye ndoo yake, chumvi, sukari, majani ya chai, kila kimoja na kopo lake ukimulika unakiona. Mafiga nikayaviringisha mpaka nyuma ya bafu. Kigoda nikampa jirani, akawa anafulia nguo. Nikapika chai ya kwanza nimesimama wima, mgongo hauumi, nikapiga picha nikawatumia wenzangu wa sokoni. Wakajibu kwa makofi.

Mama akarudi. Mume wangu alikuwa karakana, nilikuwa mimi na watoto. Akasimama mlangoni na mzigo wake kichwani, hajautua.

"Yoo! Mwana wanje," ndivyo anavyoniita, mwanangu kwa Kirundi, "jiko limeenda wapi?"

"Si ndiyo hili, mama! Karibu kwenye jiko la kisasa."

Akaingia taratibu. Akaigusa meza kwa kiganja. Ukingo wake ulimfika kifuani. Akaangalia rafu ya juu, akaangalia chini pale mafiga yalipokuwa, akaniangalia mimi.

"Sasa ugali nitausongea wapi?"

"Hapohapo juu, mama. Siku hizi watu hawachuchumai!" Nikacheka.

Na yeye akacheka kidogo. Akasema, "Haya." Jioni mwanawe alipomuuliza ameionaje kazi yake, akamwambia ni nzuri sana, Mungu aibariki mikono yake. Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni, umeona, amekubali. Nilijipa msamaha mwenyewe, haraka haraka!

Sasa nyie mnaosonga ugali mtanielewa. Ugali wa familia hausongwi kwa vidole. Unataka sufuria imekaa imara, unataka uwe juu yake, uukandamize kwa uzito wa mwili. Mama alikuwa akikaa, anaibana sufuria na mafiga, anaishikilia kwa mguu na kitambaa, mwiko unazama unatoka, hata jasho halimtoki. Pale juu ya gesi sufuria inazunguka na mwiko. Mimi kwa urefu wangu naishika kwa mkono mmoja nasonga na mwingine. Mama angefanyaje? Mikono yenyewe imenyooshwa juu, utafikiri anaanika nguo.

Akatafuta kreti la soda, akaligeuza, akawa anapanda juu yake. Nililiona. Niliingia jikoni nikamkuta juu ya kreti, nikamwambia, "Utazoea tu, mama." Akaitikia, "Nazoea." Ugali ukaanza kuja na madonge. Mume wangu akauliza mezani, "Mama, ugali wa siku hizi una nini?" Akasema uzee. Mimi nikaendelea kutoa miiba ya samaki wangu wa mgebuka.

Siku moja narudi kutoka sokoni naona moshi nyuma ya bafu. Naenda kuangalia, mama amechuchumaa, ameyarudisha mafiga yake matatu, anasonga ugali huku anaimba wimbo wa kanisani. Anaimba! Toka arudi kutoka Katumba sikuwa nimemsikia akiimba.

Nikawaka. Sijui nini kilinipata. "Mama! Yaani jiko lote lile, wewe unakuja kupika nyuma ya bafu? Majirani watasema nimekufukuza jikoni! Unataka wanioneje?"

Akanyanyuka, akajifuta mikono kwenye kitenge. Ugali ule tulikula, ulikuwa mzuri, na nilikuwa na hasira ya kutosha kuumaliza bila kusema hivyo.

Halafu nikafanya jingine. Jirani alikuwa anatafuta mawe ya msingi wa kibanda chake. Nikamwambia njoo uchukue matatu haya. Mafiga! Mwanamke mwenye akili zangu nimetoa mafiga ya mama mkwe wangu yakajengewe kibanda. Mama yangu mzazi akisikia hili hatanisalimia.

Ilikuwa Jumamosi mchana. Niko sokoni, nina gauni la mtu kwenye cherehani, namwona binti yangu anakuja mbio hana hata kandambili. "Mama, bibi kaungua!" Mayu wane, mama yangu! Niliacha cherehani, niliacha mkoba, nilipanda bodaboda sikuuliza nauli.

Kreti lilikuwa limeteleza. Sufuria ilizunguka, yeye akaishikilia isianguke, wakaja chini wote wawili. Maji ya moto yanamwagika yanapita. Ugali haupiti, unashika. Ulimshika kuanzia kwenye kiwiko mpaka vidoleni, na watoto ndio waliokuwa wanaubandua wakati nafika. Mama halii. Anasema tu, "Polepole, wajukuu. Polepole."

Hospitali walimsafisha na kumfunga bandeji. Mume wangu akafika na vumbi la mbao kichwani. Na mume wangu akiogopa huwa anafoka, ndivyo alivyo. Akamfokea mama yake.

"Mama, kreti la nini? Si ulikubali mwenyewe? Mke wangu alikuuliza, ukasema sawa, ukasema nimpime yeye! Kama hukuliweza ungesema. Kwa nini hukusema?"

Mama akageuza shingo, akaniangalia. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda na kanga yake mikononi. Nikawa namwomba kwa macho. Namwomba nini? Namwomba anifichie!

Akamwangalia mwanawe. "Ndiyo, baba. Nilikubali."

Jamani! Kuna mtu aliwahi kufunikwa aibu yake na mtu aliyemuunguza? Mimi nilifunikwa. Na nilipofunikwa sikushukuru, sikulia, nilipata nafuu. Nilikunja ile kanga vizuri, nikaiweka kwenye mfuko.

Mume wangu akatoa amri: kuanzia leo mama asiguse jiko. Alidhani anamheshimu. Mama aliyeanza kupika akiwa binti mdogo, aliyelea watoto wake kwa mwiko kule Katumba kabla barabara haijawa barabara, akawekewa kiti barazani. Analetewa chai, analetewa chakula, anaambiwa tulia. Akawa anaomba angalau achambue maharage. Kwa mkono mmoja. Wageni wakija anasogea pembeni, kana kwamba na yeye ni mgeni.

Haikuchukua muda akasema anataka kwenda kwa binti yake, yaani wifi yangu, Katumba. Mume wangu aliumia. Alidhani mama anasusa. Nilimsikia anaongea na kaka yake kwa simu: "Mama amezeeka sasa, habebeki. Kitu anakubali mwenyewe, halafu kikimshinda ananuna." Nilikuwa napanga makopo. Nikayapanga, nikayapangua, nikayapanga tena. Mdomo ulikuwa wangu, na sikuufungua.

Kwa hiyo mama akaondoka. Mwanawe hakumsindikiza, alisema ana kazi ya milango ya watu. Miezi ikapita hakwenda kumsalimia. Hela ya matumizi alituma, salamu hakutuma.

Na mimi? Nilipata nilichokitaka, jiko langu peke yangu. Alfajiri naamka napika, jioni natoka sokoni napika. Chumvi naiona. Mgongo umepona kweli, sitasema haujapona. Lakini watoto wakirudi shule wanakuta mlango wa jiko umefungwa, wanasubiri barazani na njaa mpaka nije. Yule wa mwisho akaniuliza, "Jiko likiwa zuri bibi haruhusiwi?" Nilimkaripia. Nilimkaripia mtoto kwa sababu kauliza vizuri kuliko baba yake!

Nikashindwa. Siku moja sikufungua cherehani, nikachukua kitenge kipya na sukari, nikapanda bodaboda mpaka Katumba.

Nilimkuta jikoni kwa wifi yangu. Amekaa kwenye kigoda, mafiga mbele, vitu vyote chini vimemzunguka, vilevile vilivyokuwa vinanikera. Mkono umepona kwa makovu, vidole viwili havikunji sawasawa. Anasonga ugali. Sufuria haitikisiki.

"Karibu, mwana wanje. Kaa. Nipe hiyo chumvi."

Nikakaa chini pembeni yake, nikanyoosha mkono, kopo likanijia kiganjani bila kutafuta. Maji yapo hapa, unga upo pale, hakuna kinachohitaji mtu anyanyuke. Nilitamani kulitupa lile kopo! Nimekaa na huyu mama miaka yote, nikamwona hajui kupanga, kumbe sijawahi kukaa pale anapokaa yeye.

Nikamwambia, "Mama, nimekuja kukuomba urudi nyumbani."

"Umemwambia?"

Hakuuliza nini wala nani. Nikainama. "Bado, mama."

Akaufunika ugali. Akajifuta mkono ule mzima. "Mwana wanje, siku ile hospitali, kama ningesema sijaulizwa, angekufanyaje pale mbele za watu? Nikasema ninyamaze kwa siku hiyo. Sikusema nitakubebea mpaka kaburini. Mwanangu sasa ananiona mimi ni bibi mkorofi. Haji kunisalimia. Hilo linaniuma kupita huu mkono."

"Nisamehe, mama."

"Mimi nilishakusamehe. Kitu unachotakiwa kusema hudaiwi na mimi. Kamwambie mwenye mama."

Nilirudi Mpanda siku hiyohiyo. Sikupita nyumbani, maana nikipita nyumbani ningepika, na nikipika ningesema kesho. Nikaenda moja kwa moja karakana. Anapiga randa mlango. Nikasema yote nimesimama, wapiga msasa wake wanasikia, sikujali.

"Mama hakukubali. Sikumuuliza. Ile ya kusema nipimwe mimi niliitunga. Na mafiga niliyatoa mimi, na siku yuko juu ya kreti nilimwona."

Randa ikasimama. Nilidhani atanipiga, afadhali angenipiga. Aliangalia tu ule mlango.

"Nilimfokea akiwa na bandeji," akasema. "Mama yangu. Nilimfokea kwa maneno yako."

Nikaanza kusema nisamehe. Akanyanyua mkono nisiendelee. "Miezi yote hii nimemnunia mtu aliyekuwa anakuficha wewe."

Alikwenda Katumba kesho yake, akalala huko. Alichomwambia mama yake sijui, hakuniambia na sikuuliza. Alirudi peke yake. Mama alimwambia atakuja akijisikia, na kwamba huko anapika.

Toka hapo hajanitukana, hajanifukuza, hela ya mboga anaacha mezani. Ila hali chakula changu. Anasema ameshiba. Anakula kwa mama ntilie jirani na karakana, na yule mama, sijui kwa wema au kwa kunisuta, aliniambia sokoni, "Shemeji siku hizi ni mteja wangu wa kudumu, anapenda ugali wangu." Mwanamke mwenzangu, unaijua hiyo aibu? Mume ana mke, ana jiko la mninga, halafu anakula barabarani! Nilimchekea, nikalipia nyanya, nikaondoka, chenji nimeisahau.

Usiku na mchana najiuliza ningepoteza nini kumuuliza. Labda angekataa. Basi tungebishana, tungenuniana siku mbili, na pengine mume wangu angetengeneza meza mbili, ya mrefu na ya mfupi, mbao zilikuwepo! Kazi ya mchana mmoja. Mimi nikaona uongo ndio njia ya mkato.

Dada zangu mnaotaka kupanga jiko, pangeni. Tundikeni sufuria, tengeni unga na dagaa, mgongo wako usiufanye sadaka. Lakini kama kuna mtu anapika humo, nenda kwanza ukakae anapokaa, upike chungu kimoja hapohapo. Halafu muulize, kwa mdomo, akiwa hapo, mumeo akisikia. Asipokubali usiseme amekubali. Na kama umeshasema, wewe unayesoma na moyo unakudunda, nenda leo kaseme kabla mwingine hajaungua. Mimi nilisubiri mpaka aliyeungua akageuka kuwa mkosaji.

Juzi jioni mama alinipigia simu. Nilikuwa nimemaliza kupika, watoto wameshakula, sahani ya baba yao nimeifunika kama kawaida.

"Mwanangu amekula?"

Ulimi ulikwenda wenyewe kwenye "amekula, mama," nikauwahi. "Hajala, mama. Hali kwangu siku hizi."

Nilisikia mtu anatwanga kule kwao.

"Atakula. Mkaidi kama baba yake, lakini atakula," akasema. "Na wewe umekula?"

"Bado, mama."

"Pakua ule, mwana wanje. Usilale na njaa kwa ajili yangu."

Nikakata simu, nikapakua. Ugali ulikuwa laini, hauna hata donge moja. Haukushuka.